KABLA HUJAMWITA MKEO TASA

Mficha uchi hazai, ndivyo walivyonena wazee wetu. Methali hii sote twaijua, na kwa kawaida tukiitaja twamkusudia mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayemwonea haya mkunga wake. Leo nataka kuigeuza upande wa pili na kumwelekezea mwanamume mwenzangu, kwani katika jambo hili la uzazi mficha uchi mkubwa ni sisi wanaume.

Mtaani nilikokulia palikuwa na bwana mmoja, ambaye jina lake nalistahi kwa kuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Alioa binti wa watu, wakakaa miaka sita bila ya mtoto. Mavyaa akaanza kunong'ona, na mawifi wakaongeza chumvi. Bibi yule akapelekwa kwa waganga hata nyumba zao akazijua zote. Alinyweshwa makombe, alifungwa hirizi, alifukizwa, akaambiwa kizazi chake kimefungwa na shetani wa baharini. Mwisho akapewa talaka yake, akarudi kwao na sanduku moja la nguo.

Eda ilikwisha, siku zikapita, akaposwa na mtu mwingine. Haukutimia mwaka wa pili ila alikuwa na mtoto mgongoni, na akazaa watatu. Bwana yule naye akaoa wa pili, akaoa na wa tatu. Wote wawili hawakushika mimba, na wote wawili wakaitwa tasa. Hapakuwa na mtu hata mmoja barazani aliyethubutu kumwuliza: Bwana, je, wewe umepimwa?

Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni siku hizo, na yule bibi aliyeachwa ndiye aliyekuwa akitupa visheti tukitoka kwa maalimu. Sijapata kumsahau, na yeye ndiye anayenishikisha kalamu leo.

Msomaji wangu, hebu kwanza tuitazame lugha yetu, kwa kuwa lugha ni kioo cha watu. Tunalo neno tasa, nalo humrushia mwanamke. Tunalo mgumba, nalo pia aghalabu humwangukia yeye. Mwanamume tumemwekea neno hanithi, lakini hilo ni la mtu asiyeweza tendo, si la mtu asiye na mbegu. Haya ni mambo mawili mbalimbali. Mtu aweza kuwa na nguvu za simba wala asiwe na mbegu hata moja. Kama mnazi uliosimama wima na kutikisa makuti yake kwa upepo wa kusi, lakini nazi zake ukizipasua ndani tupu. Kwa kuwa maradhi haya hatukuyapa jina, tukadhani hayako.

Nayo yako. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani wa maisha yake. Na madaktari wamekwisha thibitisha kuwa karibu nusu ya nyumba zisizopata mtoto, upande wa mume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Basi kumpeleka mke peke yake kwa daktari ni kama kumleta shahidi mmoja mahakamani na kumfungia mlango wa pili.

Elimu yenyewe si ya jana. Mwaka 1677 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft alitazama manii kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe, akaona vijidudu vyenye mikia vikiogelea. Leo hospitali huzihesabu mbegu hizo, hutazama mwendo wake na umbo lake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limetaja mipaka ya chini: mbegu milioni 16 katika kila mililita moja ya manii, na asilimia 42 ya mbegu ziwe zinatikisika. Aliye chini ya hapo hakukatiwa tamaa, wala aliye juu yake hakupewa hati ya kuwa baba. Hizo ni alama za njia tu.

Najua kinachomzuia mwanamume. Si gharama peke yake, ni haya. Kupewa kikopo na kuonyeshwa chumba kidogo hospitalini, kisha kutoka nacho mkononi mbele ya wauguzi walio rika la binti zako, si jambo jepesi. Hapo ndipo ninapoona kheri katika vipimo hivi vipya vya nyumbani. Kimojawapo, kinachoitwa SpermCheck, hutafuta protini iliyo kichwani mwa mbegu. Mtu hutia matone machache, akangoja dakika chache, na mstari humwambia kama mbegu zake zapita milioni 20 kwa mililita au hazifiki. Viko na vingine vinavyotumia kamera ya simu kuonyesha mbegu zinavyokwenda. Na huko Marekani yako makampuni ambayo mtu huyapelekea manii yake kwa posta ndani ya dawa ya kuyahifadhi, yakapimwa, na akitaka yakagandishwa na kuwekwa akiba.

Lakini nisije nikawauzia watu mbuzi ndani ya gunia. Kipimo kinachohesabu tu hakikwambii kama mbegu zaenda au zimelala, wala kama umbo lake ni zima. Mtu akiona mstari mzuri akamgeukia mkewe na kusema, wewe ndiye mwenye kasoro, atakuwa ametenda dhuluma ile ile ya zamani kwa kifaa kipya. Kadhalika akiona mstari mbaya asijitose baharini. Mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, na homa kali ya miezi miwili iliyopita yaweza kuziharibu. Ndiyo sababu hupimwa tena baadaye, na kila mara mtu huwa amejizuia na tendo kwa siku mbili hadi saba. Kipimo cha nyumbani ni mlango wa hospitali, si hospitali.

Na mlangoni humo mna dawa. Wako wanaume ambao kasoro yao ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye mfuko wa korodani, nayo hupasuliwa. Wako vijana wanaojidunga homoni za kiume ili watunishe misuli, wasijue kuwa homoni hiyo ikitoka nje huuambia mwili uache kutengeneza mbegu. Wengi wao wakiacha, mbegu hurudi polepole. Yote haya hayatibiki kwa kumfukiza mke ubani.

Watu wa bara watanisaidia katika hoja yangu. Kule Kabete, kituo cha kupandisha ng'ombe kwa sindano kilianzishwa mwaka 1946, na hata leo manii ya mafahali huchunguzwa hapo kwa hadubini, yakagandishwa na kusambazwa kwa wafugaji. Fahali, pamoja na pembe zake na mngurumo wake, hasadikiwi mpaka apimwe. Je, sisi tumekuwa na kiburi kuliko fahali? Mfugaji mwenye akili hauzi majike wake wote kabla hajamtazama dume, na sisi twatoa talaka tatu kabla ya kutoa tone moja.

Habari ya kugandisha nayo inafaa tuielewe. Mwaka 1949, huko Uingereza, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes waligundua kuwa manii ya jogoo yakitiwa gliseroli huokoka katika baridi kali. Mwaka 1953, Marekani, Raymond Bunge na Jerome Sherman wakatangaza mimba za binadamu zilizotokana na mbegu zilizogandishwa. Hivi leo mbegu hutiwa ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, na hapo uhai husimama kama saa iliyokatika majira. Baadhi ya mbegu hufa katika kugandishwa na kuyeyushwa, lakini zinazosalia hudumu. Mwaka 2004 madaktari wa Manchester walieleza habari ya mtu aliyeweka mbegu zake akiwa na umri wa miaka 17, kabla ya kutibiwa saratani ya korodani. Zilikaa miaka 21, kisha akapata mtoto mwanamume, mzima wa afya.

Hapa ndipo penye jambo zito. Dawa kali za saratani na miali ya kuitibu zaweza kuua mbegu, na pengine zisirudi tena. Kijana wetu aliyeshikwa na saratani hupelekwa hospitalini na jamaa wanaolia, na kila mtu akili yake ni kwenye roho tu. Roho ikisalimika, miaka kumi baadaye kijana ataka kuoa, ndipo agundue kuwa ghala lake liliteketea wala hakuna aliyemwambia atoe kibaba kimoja kabla ya moto. Neno moja la daktari, au swali moja la baba, lingetosha. Naomba swali hilo liulizwe kabla ya sindano ya kwanza, si baada yake.

Yuko atakayeniuliza, na dini je? Swali ni la haki. Mwezi Machi 1980 Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa ya kuruhusu uzazi wa kusaidiwa ikiwa mbegu ni za mume na yai ni la mkewe, na akakataza kuingiza mtu wa tatu. Mwezi Oktoba 1986 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu waliokutana Amman walishika mkondo huo huo. Na wengi wao husema kuwa ndoa ikikatika, kwa talaka au kwa kifo, mbegu zilizohifadhiwa hazina kazi tena. Ama kuhusu namna ya kuyapata manii, mtu amwulize sheikh anayemwamini. Haja ya tiba ina hukumu yake, na mume akisaidiwa na mkewe halali shaka nyingi huondoka.

Na tukiisoma Kurani kwa makini, iko adabu tuliyopita nayo tangu chuoni wala hatukuiona. Katika Sura Maryam, Nabii Zakaria alipomwomba Mola wake mtoto, alianza na nafsi yake: udhaifu wa mifupa yake na mvi za kichwa chake. Mkewe alimtaja baadaye. Mtume wa Mungu alijitazama yeye kwanza, na sisi twaanza na mke na twamalizia na mke.

Anayetaka kuweka akiba na aweke kwa maandishi. Uingereza iliwahi kuwa na kesi ya bibi Diane Blood, ambaye mumewe alifariki mwaka 1995, na mbegu zake zilichukuliwa akiwa hana fahamu. Kwa kuwa mume hakuacha idhini ya maandishi, ilibidi mahakama iamue, na mwaka 1997 bibi akaruhusiwa kuzipeleka Ubelgiji. Tangu Julai 2022 sheria ya nchi hiyo yaruhusu mbegu kuhifadhiwa hata miaka 55, lakini mwenyewe atie sahihi upya kila miaka 10. Aidha mtu aulize ni nani anayejaza tangi na ni nani anayelilinda usiku. Mwezi Machi 2018 matangi ya hospitali mbili, moja San Francisco na moja Cleveland, yaliharibika, na maelfu ya mayai na viinitete yakaingia hatarini au yakapotea. Amana haiwekwi kwa jina kubwa la duka, huwekwa kwa uangalifu wa mwenye kuitunza.

Ninalotaka, basi, si kubwa. Mwaka ukipita mume na mke wanakutana bila kinga wala mimba isionekane, waende wote wawili. Mume akiona haya, na aanzie chumbani kwake kwa kipimo cha nyumbani, kisha apige moyo konde aende hospitalini. Akina mavyaa, kabla hamjamtuma mkamwana kwa mganga, mwulizeni mwana wenu. Na nyinyi maimamu na makadhi, anapokuja mtu kutaka kuacha mke kwa kuwa hazai, mwulizeni cheti chake yeye kiko wapi.

Yule bibi wa visheti alikufa akiwa na wajukuu. Bwana yule alikufa akiamini kuwa aliwaoa matasa watatu. Sijui ni yupi kati yao aliyeonewa zaidi na ujinga wetu.

Msimwite mke tasa, mume hajaangaliwa,
Ni wengi tuliwakosa, nyumbani wakatolewa,
Haki ni kupima sasa, siri ikafunuliwa,
Mume akipimwa hasa, hawezi kupungukiwa.