Panya Shamba Hajifichi kwa Anayesoma Mvua

Mimi mkulima wa mpunga huku bondeni Ifakara, na nina kipande cha mahindi mwinukoni. Kila panya wanapofurika nasikia wenzangu wakisema ni balaa limetuangukia. Sikubali. Balaa halina msimu. Panya shamba anao, tena unajulikana.

Jike lake lina chuchu hadi 24. Hubeba mimba siku 23 hivi, akazaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Katika mwaka wa kawaida watoto hao hungoja mvua za mwaka ujao ndipo nao wazae. Lakini mvua zikiwahi na kuzidi mwezi Novemba na Desemba, wakapata nyasi changa mapema, hukomaa haraka na kuzaa msimu uleule. Mwisho wa mwaka unaofuata, tukishika majembe kupanda, mashamba yameshajaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapo Morogoro tu, na wenzao wa Ubelgiji walilieleza jambo hili tangu miaka ya 1990. Yaani mvua ya Desemba inatuonya karibu mwaka mzima kabla.

Sasa tazama tunavyofanya. Mbegu zinafukuliwa usiku, mtu anapanda upya, zinafukuliwa tena, ndipo barua ya kuomba sumu inaandikwa. Msimu mmoja tuligawiwa sumu tukiwa tunapalilia! Mche ukishasimama, panya hana tena haja ya kufukua.

Na hata sumu ikiwahi, nikiiweka peke yangu ni kazi bure. Baada ya wiki chache panya wa jirani wamehamia kwangu. Tena panya aliyeonja sumu ya zinki fosfaidi akapona, haigusi tena ng'o. Dungu nalo halisaidii: ni la kufukuzia ndege na nguruwe, na panya anapita chini ya majani. Anayemweza ni bundi, ambaye tunampiga mawe eti analeta uchuro.

Naziomba serikali za vijiji vya bonde hili: wekeni kipima mvua na mtu wa kukisoma. Desemba ikizidi, sumu iagizwe kwa ajili ya msimu unaofuata, kingo za mashamba zifyekwe, na kitongoji kizima kiiweke siku moja, kabla mbegu haijaingia udongoni. Bundi mwacheni.