Kunyonya mafuta mwilini: Yanayopaswa kujulikana kabla ya kuvuka mpaka

Mwezi Oktoba 2024, mwanamke mmoja mfanyabiashara alifariki dunia jijini Nairobi, siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki ya binafsi. KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno nchini Kenya, liliifunga kliniki hiyo. Kifo hicho kilizua mjadala mkubwa kuhusu biashara ya urembo inayokua kwa kasi katika miji ya Afrika Mashariki.

Mjadala huo unawahusu pia wakazi wa Bujumbura. Matangazo ya upasuaji wa kunyonya mafuta, unaoitwa liposuksioni kwa wanaozoea Kifaransa na liposaksheni kwa wanaotumia Kiingereza, hayatambui mipaka. Yanafika katika simu za Buyenzi na Bwiza kama yanavyofika katika simu za Nairobi na Dar es Salaam: picha mbili za tumbo moja, kabla na baada, na nambari ya kupiga. Kisichoonekana katika picha hizo ni wiki zinazofuata upasuaji. Kwa mtu anayesafiri nje ya Burundi kutafuta huduma hii, wiki hizo ndizo zenye uzito kuliko yote.

Upasuaji wa namna gani?

Daktari hutoboa matundu madogo kwenye ngozi, akaingiza mrija mwembamba wa chuma, kisha akayanyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi kwa mashine. Sehemu zinazofanyiwa mara nyingi ni tumbo, kiuno, mapaja, mikono na chini ya kidevu. Mgonjwa hupewa ganzi ya sehemu husika au hulazwa kwa nusukaputi, kulingana na ukubwa wa kazi.

Historia ya majaribio haya ilianza vibaya. Katika miaka ya 1920, daktari Mfaransa Charles Dujarrier alijaribu kupunguza unene wa mguu wa mwanamke mmoja. Jeraha liliharibika, mguu ukakatwa, na kesi ikafika mahakamani. Nusu karne baadaye, Arpad Fischer na mwanawe Giorgio, madaktari wa mjini Roma, walibuni njia ya kuondoa mafuta kwa mrija, na mwaka 1977 Yves-Gérard Illouz wa Paris akaiboresha. Mwaka 1985, daktari wa ngozi Mmarekani, Jeffrey Klein, alianzisha utaratibu wa kutia kwanza maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi na adrenalini. Adrenalini hubana mishipa midogo, na hivyo damu inayopotea hupungua sana. Utaratibu huo ndio msingi wa upasuaji huu hadi leo.

Tangu hapo umeenea duniani kote. Kwa takwimu za jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS, mwaka 2023 ulifanyika zaidi ya mara milioni 2, ukiongoza upasuaji wote wa urembo. Katika ukanda wetu haupatikani tena katika kliniki za binafsi pekee. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilitangaza mwaka 2023 huduma za upasuaji wa urembo, kuondoa mafuta kukiwemo.

Si tiba ya unene

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuuona upasuaji huu kuwa njia ya kupunguza uzito. Kazi yake ni kurekebisha umbo, kwa mtu ambaye uzito wake hauko mbali na kawaida lakini ana mafuta yaliyong'ang'ania mahali fulani licha ya chakula bora na mazoezi. Kwa madaktari bingwa wa Marekani, kunyonya zaidi ya lita 5 kwa mara moja ni upasuaji mkubwa, unaohitaji mgonjwa aangaliwe usiku kucha. Na lita 5 za mafuta hazifiki hata kilo 5. Anayetaka kupungua kilo 30 hatazipata kwenye mrija huo.

Wala upasuaji huu hauondoi hatari za kiafya zinazotokana na unene. Mwaka 2004, watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wanawake 15 wanene walioondolewa takriban kilo 10 za mafuta ya tumbo. Baada ya wiki kadhaa, shinikizo lao la damu, mafuta ndani ya damu na jinsi mwili unavyotumia sukari havikuwa vimepata nafuu. Sababu ni kwamba mrija huondoa mafuta ya chini ya ngozi tu. Yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo, hubaki palepale. Uchunguzi mwingine uliofanyika Chuo Kikuu cha Colorado na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja mafuta yalirudi mwilini, hasa tumboni, ingawa hayakurudi kwenye mapaja yaliyofanyiwa upasuaji.

Kwa akina mama waliozaa mara kadhaa, jambo jingine linastahili kutajwa. Mara nyingi tumbo linalobaki limechomoza baada ya uzazi halitokani na mafuta. Misuli ya mbele ya tumbo imeachana, au ngozi imelegea. Kunyonya mafuta hakurudishi misuli mahali pake wala hakukazi ngozi. Kunaweza hata kuiacha ikining'inia zaidi. Na aliyewahi kujifungua kwa upasuaji anapaswa kuchunguzwa kama ana ngiri kwenye kovu, kwa kuwa mrija unaopita hapo unaweza kuutoboa utumbo.

Hatari iko wapi?

Mikononi mwa daktari bingwa, kwa mtu mwenye afya njema na kwa kiasi kidogo cha mafuta, upasuaji huu huisha salama kwa walio wengi. Uvimbe, michubuko na ganzi ya ngozi ni mambo ya kawaida kwa wiki kadhaa, na umbo la mwisho huonekana baada ya miezi. Wengine hubaki na ngozi yenye mabonde.

Hata hivyo, vifo vipo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2000, kwa kuwahoji madaktari wa upasuaji wa plastiki, ulikadiria kifo 1 katika kila upasuaji 5,000 hivi. Sababu iliyoongoza ilikuwa donge la damu linaloganda mguuni, likasafiri hadi kuziba mshipa wa mapafu. Sababu nyingine ni utumbo kutobolewa, maambukizi, ganzi kupita kiasi, na mafuta kuingia kwenye mishipa ya damu. Hatari hiyo ya mwisho huongezeka sana pale mafuta yaliyonyonywa yanapodungwa kwenye makalio ili kuyakuza. Mwaka 2018, vyama vya madaktari bingwa vilitoa onyo la dharura kuhusu upasuaji huo, vikikadiria kifo 1 katika kila 3,000.

Jambo la kuzingatia ni wakati. Mara nyingi donge la damu na maambukizi havijitokezi mezani pa upasuaji. Hujitokeza siku kadhaa baadaye, hata wiki kadhaa, mgonjwa akiwa kitandani kwake.

Safari ya kurudi nyumbani

Hapo ndipo habari hii inapomgusa mkazi wa Bujumbura kwa namna ya pekee. Madaktari bingwa wa upasuaji wa plastiki nchini Burundi ni wachache mno, na walipo huhitajika zaidi kwa majeraha ya moto, ajali na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Anayetaka upasuaji wa urembo hutazama nje. Njia ya basi kwenda Kigali ilikatika Burundi ilipofunga mpaka wake wa ardhini na Rwanda mwezi Januari 2024. Mwenye uwezo hupanda ndege, na asiye nao hupita Kobero kuelekea Tanzania.

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura huchukua zaidi ya siku nzima. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi safarini huongeza mara mbili hivi uwezekano wa damu kuganda, hata kwa mtu ambaye hakufanyiwa upasuaji wowote. Kwa aliyetoka chumba cha upasuaji siku chache zilizopita, kiti cha basi chenyewe ni hatari.

Wamarekani wamekwisha kuyaona matokeo ya safari za namna hiyo. Januari 2024, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa hesabu ya raia 93 wa nchi hiyo waliofariki kati ya 2009 na 2022 baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika. Katika vifo vilivyochunguzwa kwa kina, vilivyo vingi vilitokana na mafuta au donge la damu lililoziba mishipa. Hao walikuwa raia wa nchi tajiri yenye hospitali nyingi. Anayerudi Bujumbura na homa au pumzi fupi atapokelewa na daktari ambaye hakumfanyia upasuaji, hajui alidungwa nini, na pengine hana karatasi hata moja ya kusoma. Juu ya hayo, bima za matibabu kwa kawaida hazigharamii upasuaji wa urembo, na madhara yake huweza kuangukia mfuko wa familia.

Maswali kabla ya kulipa

Hakuna sababu ya kumkejeli anayetamani kubadilisha umbo lake. Ana haki ya kuuliza, na majibu yatamwonyesha yuko mikononi mwa nani.

La kwanza, jina kamili la daktari. Tangazo lenye jina la kliniki pekee halitoshi. KMPDC nchini Kenya na Baraza la Madaktari Tanganyika huweka orodha za madaktari walioruhusiwa kufanya kazi, na kuwa na leseni ya udaktari si sawa na kuwa bingwa wa upasuaji wa plastiki.

La pili, nani atakayetoa nusukaputi, na mgonjwa akizidiwa atapelekwa hospitali gani yenye chumba cha wagonjwa mahututi.

La tatu, siku ngapi za kubaki mjini humo kabla ya kusafiri. Gharama za malazi kwa siku hizo ni sehemu ya bei ya upasuaji. Asiyeweza kuzilipa hajawa tayari.

La nne, ripoti ya maandishi ya yote yaliyofanyika, na daktari wa Bujumbura aliyekubali mapema kumwangalia mgonjwa akirudi.

Baada ya kurejea, dalili hizi hazisubiri kupambazuke: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukatika, homa kali, au maumivu ya tumbo yanayozidi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na aseme wazi alifanyiwa nini. Wengi huficha kwa aibu, na daktari asiyejua kwamba kulikuwa na upasuaji hupoteza saa akitafuta malaria.