Ukilinganisha riwaya mbili, usiishie kuuliza nani alimwiga nani

Kuna swali ambalo ukilitupa kwenye grupu la WhatsApp la wapenzi wa vitabu, siku imeisha hivyo: eti Ngũgĩ wa Thiong'o alimwiga Joseph Conrad alipoandika A Grain of Wheat? Kambi moja inasema ndiyo na kumwaga ushahidi. Nyingine inakasirika kana kwamba taifa limetukanwa. Mimi naona kambi zote mbili zinapigania swali dogo, na kuna swali kubwa hapo kando ambalo hakuna anayeliokota.

Tuanze na ushahidi, maana upo. Mwaka 1911 Conrad alichapisha Under Western Eyes. Mhusika mkuu ni Razumov, mwanafunzi wa chuo kule St. Petersburg, kijana wa masomo yake tu, siasa hataki. Siku moja anamkuta Haldin chumbani mwake. Haldin ametoka kumuua waziri na anatafuta pa kujificha. Razumov anamsaliti kwa serikali na Haldin anauawa. Kioja ni kwamba baadaye wanamapinduzi walioko Geneva wanampokea Razumov kama shujaa, wakidhani alikuwa mwenzake Haldin. Hata dadake Haldin anamwamini. Mwishowe uongo unamlemea na anaungama.

Sasa njoo Kenya, riwaya ya 1967. Mugo ni mkulima mpweke wa kijiji cha Thabai, hataki matata na mtu. Kihika, mpiganaji wa msituni aliyempiga risasi DO, anaingia kwenye kibanda chake usiku. Mugo anamsaliti na Kihika ananyongwa. Baadaye Mugo mwenyewe anatiwa kizuizini, anateswa na hafungui mdomo, basi kijiji kinamwona shujaa. Mumbi, dadake Kihika, anamwamini. Mugo anaungama kwake kwanza, halafu mbele ya umati siku ya kusherehekea Uhuru.

Zinafanana? Sana. Na si siri, Ngũgĩ alimsoma Conrad kwa kina alipokuwa Makerere. Lakini ukiishia hapo umefanya kazi ya kuandika namba za gari bila kujua gari linaelekea wapi.

Uingereza wanafunzi wa A-level wanapewa kazi hii rasmi. Kwa mfano, katika mtihani wa bodi ya Pearson Edexcel, sehemu ya nathari humtaka mwanafunzi asome vitabu viwili vya mada moja, na angalau kimoja kiwe cha kabla ya 1900. Kwenye mada ya sayansi na jamii unaweza kukuta Frankenstein ya 1818 imewekwa pamoja na Never Let Me Go ya 2005. Hivyo vitabu havifanani hata kidogo ukivitazama juu juu. Kinachoviunganisha ni swali: ukimuumba kiumbe kwa sayansi, una deni gani kwake? Mary Shelley anamweka muumbaji mmoja anayemkimbia kiumbe wake. Kazuo Ishiguro anaiweka jamii nzima inayoishi kwa viungo vya watu waliotengenezwa, huku kila mtu akiangalia kando. Swali ni lile lile, ila lawama imehama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa wote.

Basi turudi kwa Razumov na Mugo tukiwa na swali la aina hiyo: mtu anapoungama usaliti, anamwokoa nani?

Kwa Conrad, wakati Razumov anafungua mdomo, tayari kuna mtu amebebeshwa lawama. Ni Ziemianitch, dereva wa farasi, ambaye amejinyonga, na wanamapinduzi wanaamini ndiye aliyemuuza Haldin. Razumov yuko salama kabisa. Kuungama kwake hakumtoi mtu yeyote hatarini, kwa sababu aliyesingiziwa ameshakufa. Anaungama kwa ajili ya nafsi yake, na ya yule dada anayempenda.

Kwa Ngũgĩ, anayeshukiwa yuko hai na amesimama pale pale kwenye mkutano. Anaitwa Karanja, aliyekuwa homugadi. Wapiganaji wamepanga kumfichua siku hiyo kama msaliti wa Kihika. Mugo angenyamaza tu, Karanja angekwisha. Na ukweli ni kwamba hakuna mtu Thabai ambaye angemlilia Karanja, mambo aliyoyafanya yanajulikana. Lakini hilo moja hakulifanya, na Mugo anasimama kulisema.

Hapo ndipo mwenye riwaya ya pili anaacha kuitwa mwigaji. Ngũgĩ ameichukua hadithi ya dhamiri ya mtu mmoja akaigeuza kuwa hesabu ya kijiji kizima. Gikonyo aliungama kiapo kizuizini ili arudi kwa mkewe. Mumbi amezaa na Karanja mumewe akiwa bado kizuizini. Msafi ni nani sasa? Hata msimulizi amebadilika. Conrad anampa hadithi mwalimu mzee Mwingereza anayekiri kwamba Warusi hawaelewi vizuri. Ngũgĩ mara nyingine anasimulia kama mtu wa Thabai anayezungumza na jirani yake.

Na enzi je? Hapa wengi wanateleza. Wanaandika "zamani watu walifikiri hivi, siku hizi wanafikiri vile," wanafunga daftari. Enzi si kifuniko cha sufuria. Lazima uoneshe inavyoingia ndani ya hadithi. Conrad alizaliwa 1857 kwa wazazi Wapolandi katika ardhi iliyotawaliwa na Urusi, na babake alipelekwa uhamishoni kwa sababu ya siasa. Kwa hivyo dola la Urusi halipendi, ila pia hawaamini wanamapinduzi. Ngũgĩ aliiandika riwaya yake akisoma Leeds, miaka michache tu baada ya 1963, na ndani yake tayari mbunge anawazunguka akina Gikonyo na kujitwalia shamba walilotaka kununua. Uhuru haujapoa na kuna watu wameshaanza kula. Ndiyo maana swali la nani alisaliti haliwezi kubaki la mtu mmoja.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo sina cheti cha kukufunza haya. Lakini huhitaji cheti kuona kinachokosekana kwetu. Tumezoea kusoma kitabu cha kutahiniwa kimoja kimoja, kila kimoja na mwongozo wake, wahusika na sifa zao, maudhui, tamathali, basi. Mtu anatoka kidato cha nne akijua nini kilitokea sura ya saba, lakini hajawahi kuulizwa mwandishi huyu anabishana na nani. Halafu tunashangaa vijana wakiona habari mbili zinazopingana mtandaoni wanachagua ile inayowafurahisha.

Na si kwamba wazo hili ni la kigeni. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba walitaka idara ya Kiingereza pale Nairobi ivunjwe, Afrika iwekwe katikati na fasihi nyingine zisomwe zikihusishwa nayo. Hawakusema Conrad achomwe. Kusoma kwa kuhusisha, hiyo ndiyo hoja.

Sasa mtaala wa umilisi unamruhusu mwanafunzi wa sekondari pevu kuchagua fasihi kama somo lake, ya Kiingereza au ya Kiswahili. Nafasi ndiyo hii. Mpeni mwanafunzi Conrad na Ngũgĩ pamoja. Upande wa Kiswahili mpeni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, na Walenisi ya Katama Mkangi ya 1995. Zote mbili zinabuni nchi ya mbali ili kuisema nchi iliyo karibu. Mwulizeni kwa nini Mkangi hakutosheka na alichofanya Shaaban. Akijibu hilo bila mwongozo, amesoma.

Na wewe ambaye shule uliimaliza kitambo, huhitaji kungoja mtaala. Chukua riwaya mbili zenye shida moja, uliza swali moja, na usizilazimishe zikubaliane. Zinapoachana njia, hapo tulia usome polepole.