«La vie est belle»: maisha ni muzuri kwa nani?

Ndugu vijana wa Masisi na Walikale, pamoja na wenye mulikimbilia Goma na kwingine,

Tumeangalia tena filme «La vie est belle» ya 1987. Iliongozwa na Mweze Ngangura, mutoto wa Bukavu, pamoja na Mubeleji Benoît Lamy. Papa Wemba ndiye Kourou, kijana wa kijiji mwenye anaingia Kinshasa kutafuta vyombo vya umeme ili awe mwanamuziki. Anakuwa boyi, anampenda Kabibi, mwisho anaimba mbele ya watu wote.

Tuipe kwanza haki yake. Kicheko cha mule ni chetu wenyewe. Hakuna muzungu anakuja kutuokoa. Watu wanapendana, wanagombana, wanadanganyana, wanacheza muziki. Dunia ikitaja Masisi ao Walikale, inaonyesha bunduki na mahema tu, sawa vile hatujuwe kucheka. Tena mwenye kuchekwa pale ni tajiri: Nvouandou, na pesa yake yote, anapiga magoti kwa mufumu juu nguvu za kiume zimemuacha. Kucheka mukubwa ni mwanzo wa kutomuogopa.

Lakini mambo mbili tunakataa.

Ya kwanza ni Kabibi. Mufumu anamwambia tajiri aoe bikira, na msichana anatafutiwa bwana mwenye iko na bibi tayari. Filme inageuza ile soko kuwa mchezo. Mwaka ule ule, tarehe 1 mwezi wa 8, Sheria ya Jamaa iliwekwa saini, na inakataza mwenye ndoa kuoa tena. Sheria iko, na mabibi wa pili wako. Hata huku kwetu, msichana akitolewa kwa mwenye pesa, utasikia wakubwa wanacheka: «Si atakula muzuri?» Yeye mwenyewe hacheke.

Ya pili ni bahati. Kourou anajitafutia, Artikle 15, kisha bahati inamufungulia mulango. Zaire ilikuwa ya Mobutu, lakini hakuna mwenye kuuliza Leta iko wapi. Ni filme, tunajua. Ila ndio wimbo wakubwa wanatuimbia mpaka leo: «Vijana, mujitafutie!» Tujitafutie nini tena? Rubaya inatoa koltani, Bisie inatoa kasiterite, vinaenda kuingia katika simu na mashini za dunia nzima, na barabara ya Walikale inabaki matope. Mwenye diplome ya chuo kikuu anaendesha moto ya mutu mwingine. Mwenye hana diplome, kuna mwenye kumupa bunduki. Kujitafutia tunajua tangu utoto. Lakini hakuna mutu anajitafutia barabara, tribinali ao amani peke yake. Ile ni kazi ya Leta, na Leta inafanya kazi ikidaiwa.

Basi muiangalie, mucheke, kisha muulizane lile swali filme iliacha. Na mwenye iko na simu ya kupiga picha, atutengenezee kicheko cha kwetu: Kabibi aamue mwenyewe, na Kourou akigonga kwa mukubwa, asilete gitare tu, alete na madai.

Maisha ni muzuri? Itakuwa, siku tutaacha kuingojea kwa bahati.

Siye, vijana raia wa Masisi na Walikale