Kengeza la Mtoto Halingoji

Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Kwa hesabu yao chongo ni kilema kikubwa na kengeza ni dosari ndogo isiyomzuia mtu kitu. Elimu ya macho ya zama hizi inatufundisha jambo ambalo methali haikulisema: kengeza la mtoto mdogo, likiachwa bila ya tiba, laweza kumfikisha kwenye chongo khasa, ingawa jicho kwa kulitazama ni zima.

Sababu imo katika ubongo. Kila jicho linaendeshwa na misuli 6, na macho yote mawili yakielekea pahala pamoja, ubongo huziunganisha picha mbili zikawa moja. Hapo ndipo mtu anapoweza kupitisha uzi katika tundu la sindano au kukadiria umbali wa gari linalokuja. Jambo hili si geni kwa ulimwengu wa Kiislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alilichungua katika Kitab al-Manazir yapata miaka 1,000 iliyopita. Jicho moja likipotoka, mtu mzima huona vitu viwili viwili. Ubongo wa mtoto hufanya hila: huipuuza picha ya jicho lililopotoka, na ukidumu hivyo kwa miaka, jicho hilo huwa zembe, wala miwani peke yake haitalirudisha. Hubel na Wiesel, waliodhihirisha kwa paka wachanga kwamba ubongo una muda wake maalumu wa kujifunza kuona, walitunukiwa Nobel mwaka 1981.

Basi tutazame hali ilivyo katika Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Iringa. Msomaji wa visiwani asiulize Njombe yamhusu nini. Huenda kiazi alichokila jana kimelimwa huko, na taabu tutakayoieleza ataitambua kuwa ni yake. Mtoto wa mkulima hugunduliwa na mwalimu anapoanza skuli, naye amekwisha kutimia miaka 6 au 7, wakati ambapo tiba ilipaswa iwe imekwisha kushika njia. Kabla ya hapo wazazi wameambiwa kwamba ni jicho la hasidi, au kwamba litanyooka lenyewe akikua. Ni kweli macho ya mtoto mchanga hutangatanga katika miezi ya mwanzo. Lakini kengeza linaloendelea baada ya mwezi wa 4 ni la kupelekwa hospitali, kwani mara nyengine huwa ni dalili ya mtoto wa jicho, au hata ya saratani inayoua.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya. Safari moja mkulima ataimudu. Asiloliweza ni kurejea kila baada ya wiki chache, nayo tiba ya jicho zembe ndivyo inavyotaka: jicho zima huzibwa kwa saa kadhaa kila siku ili lile zembe lilazimike kufanya kazi, na maendeleo yapimwe tena na tena. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa uzembe wa wastani, kuziba kwa saa 2 kwa siku kulileta nafuu sawa na kuziba kwa saa 6. Kazi hiyo mama aweza kuifanya nyumbani akiwa anachambua mboga. Anachokikosa ni mtaalamu wa karibu wa kumwongoza.

Mtaalamu huyo angekaa Makambako. Mji huo uko njia panda ya barabara kuu ya Mbeya na ile ya Songea, una stesheni ya TAZARA, na Njombe mjini ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Wala hatuamini kwamba kinachokosekana kwanza ni mashine. Kipimo cha msingi cha kengeza ni kulifunika jicho moja kwa kadi na kulitazama la pili linavyosogea. Kukielewa kile kilichoonekana ndiko kunakotaka chuo kikuu, maana mwanafunzi lazima aijue misuli ile na mishipa 3 ya fahamu inayoiamrisha, ajue kupima pembe kwa prizma, na atambue kengeza la kutibiwa kwa miwani na lile la kupasuliwa.

Jirani zetu hawakulala. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kenya, kinatoa shahada ya upimaji wa macho. Makerere ilianza mwaka 2014. Na Mzuzu, Malawi, iko ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa. Kwetu tunayo KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako wapimaji wetu wengi wa macho wamesomea.

Hapa ndipo viongozi wanapohusika. Afya si jambo la Muungano, lakini elimu ya juu ni jambo la Muungano. Kwa hiyo kijana wa Pemba na kijana wa Njombe wanakwenda chuo kwa mlango mmoja, kisha kila mmoja anarudi kwa wizara yake, na huko mara nyingi nafasi ya kazi haijaandikwa katika ikama. Matokeo yake ni kwamba mhitimu hufungua duka la miwani mjini. Hatumlaumu, naye ana watoto.

Wizara mbili za afya zikutane kabla ya bajeti ijayo, ziamue ni vijana wangapi watakaosomeshwa fani hii, na kila mmoja ajue kabla ya kuondoka kwamba anangojewa Makambako, Wete au Micheweni, chumba na mshahara wake vikiwa vimekwisha kuandikwa.