Lawino ni mke, si nembo

Wahakiki wanaolisoma shairi la Okot p'Bitek, "Song of Lawino", lililotoka mwaka 1966, kama mvutano wa Uafrika na Uzungu tu, wanamnyamazisha mke anayelia. Hoja yao haisimami. Lawino anaanza na matusi ya mumewe, Ocol, anayemdharau yeye, wazazi wake na ukoo wake mzima, huku akimtaka mwanamke mwingine, Clementine. Taswira zimechotwa jikoni, ngomani na shambani kwa sababu humo ndimo lilimo jeraha. Boga la methali ya Waacholi, lisilofaa kung'olewa kwenye boma la kale, si mila pekee. Ni nyumba yenyewe, na ulimi wa Ocol ndio jembe linaloichimbua. Tuyasikilize maumivu kwanza, nadharia zifuate.