Je, Ajali Haina Kinga?

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Naam, lakini methali hii tumeigeuza kichaka cha kufichia uzembe wetu. Mwaka 1998 wasichana 26 waliteketea bwenini Bombolulu. Mwaka 2001 wavulana 67 wakaangamia Kyanguli, mlango mmoja umefungwa na madirisha yametiwa vyuma. Hata tukiuita moto ajali, kufuli nayo tuiiteje?

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaagiza bweni liwe na mlango kila upande, mlango wa dharura katikati, na madirisha yasiyo na vyuma. Hata hivyo, mwaka 2024 wavulana 21 walifariki bwenini Endarasha. Waraka pekee hauzimi moto.

Basi mzazi aendapo kumtembelea mwanawe, asiulizie alama tu. Aombe kuliona bweni, aihesabu milango. Mwanafunzi naye azoee kuifikia njia ya kutokea hata gizani.

Wahenga hao hao walituachia usemi mwingine: tahadhari kabla ya hatari. Kati ya kauli hizi mbili, tutawarithisha wanetu ipi?